Stesheni ya Syokimau na Ardhi ya Kando ya Reli

Tarehe 13 Novemba 2012, Rais Mwai Kibaki wa Kenya alifungua stesheni mpya ya reli mahali paitwapo Syokimau, kusini-mashariki ya Nairobi, kando ya barabara kuu iendayo Mombasa. Stesheni hiyo ilitangazwa kuwa ya kwanza kujengwa nchini humo tangu uhuru wa mwaka 1963. Tangazo hilo lilitolewa kwa fahari, na fahari yenyewe haikuwa ya bure. Walakini msikilizaji makini aliweza kusikia ndani ya maneno hayo jambo jingine. Nchi ambayo mji wake mkuu ulizaliwa na reli ilikaa miaka 49 bila ya kumjengea mfanyakazi wa pembezoni mwa mji huo stesheni hata moja.

Huenda askari aliyeko kambini au kituoni akadhani kwamba habari za stesheni ni za wahandisi na wahasibu. Sivyo. Katika historia ya reli ya Nairobi, kila mara mipango ya ardhi ilipokosewa, aliyeitwa mwishoni kuja kusahihisha kosa hilo kwa rungu na ngao alikuwa askari.

Reli iliyoitwa ya Uganda ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896. Tarehe 30 Mei 1899 reli ilifika katika uwanda wenye majimaji, ambao Wamasai waliuita kwa jina la maji yake baridi. Wahandisi walipachagua hapo kwa sababu za kazi yao tu. Mbele yao kulikuwa na mwinuko wa nchi ya Wakikuyu, kisha mteremko mkali wa Bonde la Ufa, na nyuma yao kulikuwa na safari ya maili zaidi ya 320 kutoka pwani. Palihitajika mahali tambarare pa kuweka karakana, bohari na mahema ya vibarua kabla ya kuukabili mlima. Hapakuwa na mji wowote. Garimoshi ndilo lililouleta mji, na serikali ya kikoloni ikahamia huko baada ya reli kwisha kutangulia.

Wafanyakazi wa reli walipewa nyumba karibu na karakana. Mitaa ya Muthurwa na Makongeni ni kumbukumbu ya utaratibu huo, kwa maana mtu aliweza kutoka mlangoni kwake na kufika kazini kwa miguu kabla king'ora hakijakwisha kulia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ukaja mtindo wa kipande, ambacho mwanamume Mwafrika alilazimika kukivaa shingoni. Alikubaliwa mjini kwa sababu ya kazi yake, na kazi ikiisha alitarajiwa kurudi alikotoka. Katika hali hiyo hapakuwa na haja ya garimoshi la asubuhi na jioni. Mtu asiyeruhusiwa kukaa na mkewe na watoto wake pembezoni mwa mji haulizi stesheni iko wapi. Reli ilipangwa kwa ajili ya pamba, kahawa, magadi na mizigo ya walowezi, na stesheni zikawekwa pale mizigo ilipo.

Uhuru ulipokuja vizuizi hivyo viliondoka, na watu wakaja. Hesabu ya mwaka 1969 ilikuta wakazi zaidi ya 500,000 katika Nairobi. Hesabu ya mwaka 2009 ilikuta zaidi ya 3,100,000, na ile ya mwaka 2019 karibu 4,400,000. Mji ulipanuka kuelekea Thika, Ngong, Kikuyu na Athi River, lakini stesheni zilibaki palepale walipoziweka wakoloni. Aliyejaza pengo hilo alikuwa mwenye matatu, ambaye mwaka 1973 aliruhusiwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta kuchukua abiria bila ya leseni maalumu. Matatu iliwafaa watu wengi na inawafaa mpaka leo. Hata hivyo barabara ina kikomo chake, na kufikia mwanzoni mwa karne hii safari ya kilomita 15 kuingia katikati ya Nairobi asubuhi iliweza kumla mtu saa mbili.

Shirika la reli nalo lilikuwa na matatizo yake. Hadi mwaka 1977 reli za Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa chini ya shirika moja, lenye makao makuu Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka huo, vichwa vya treni na mabehewa viligawanywa mahali vilipokutwa, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, na kila nchi ikaanza shirika lake. Shirika la Reli la Kenya liliundwa kwa sheria ya mwaka 1978. Lilirithi njia ndefu, mitambo iliyochakaa na mshindani mwenye nguvu barabarani. Novemba 2006 uendeshaji ulikabidhiwa kampuni binafsi ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25, lakini mkataba huo ulivunjwa mwaka 2017. Katika miaka yote hiyo macho ya wakubwa yalikuwa kwenye kontena za bandarini. Abiria wa mjini alikuwa nyongeza.

Ni katika mpango wa maendeleo uitwao Dira ya 2030, uliozinduliwa mwaka 2008, ambamo garimoshi la abiria wa Nairobi lilipewa nafasi miongoni mwa kazi kubwa za taifa. Syokimau ikachaguliwa kuwa mwanzo.

Jina lenyewe lina kisa. Wazee wa Ukambani husimulia habari za mwanamke mtabiri aitwaye Syokimau, aliyesema kabla ya reli kwamba atakuja nyoka mrefu kutoka maji ya upande mmoja hadi maji ya upande mwingine, na kwamba watakuja watu wenye kuchukua moto mifukoni. Nyoka alikuja, na viberiti vikaja. Ni kama kwamba mipango ya serikali ilimfuata bibi huyo kwa mbali, imechelewa miaka mia moja na zaidi.

Mahali penyewe ni nje kidogo ya mpaka wa jiji, upande wa Machakos, si mbali na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Kutoka hapo hadi stesheni kuu ya Nairobi ni kilomita kama 16. Kilitandikwa kipande kifupi cha reli mpya kuiunganisha na njia ya zamani, yakajengwa majukwaa yenye paa, mageti ya kukagulia tiketi, na uwanja wa kuegesha magari wenye nafasi zipatazo 2,000. Mwenye gari aliacha gari lake hapo, akapanda behewa, na kwa muda wa karibu nusu saa akawa katikati ya mji. Makadara na Imara Daima nazo zikapata stesheni mpya katika mpango huohuo.

Yafaa kueleza hapa jambo ambalo sherehe za ufunguzi huwa hazilielezi. Nguvu ya stesheni haimo katika ukubwa wa jengo lake. Imo katika njia iliyo mbele na nyuma yake. Penye reli moja, garimoshi lililokwisha toka Syokimau haliwezi kupishana na jingine ila mahali palipowekwa njia ya kupishana. Ichukuliwe kwa mfano kwamba safari ni nusu saa, na kwamba katika kila mwisho dakika 10 zinatumika kushusha watu, kupakia na kugeuza kichwa cha treni. Garimoshi lililoondoka saa 12 kamili asubuhi litakuwa tayari kuondoka tena saa 1 na dakika 20. Kabla ya saa 2, muda ambao ofisi zinafunguliwa, litakuwa limeondoka mara mbili tu. Likichukua watu 1,000 kila safari, jumla ni watu 2,000. Hiyo ndiyo idadi ya magari yanayoweza kuegeshwa hapo, kana kwamba mpimaji alikaa na kalamu yake akahesabu wenye magari peke yao. Mkulima wa Mlolongo na mjenzi wa Athi River hawakuwamo katika hesabu. Ili kuongeza watu, hapana budi kuongeza njia za kupishana, ishara, vichwa vya treni na mabehewa, na hayo yote ni ghali kuliko paa la kioo wala hayapigwi picha.

Lakini kabla ya reli na paa kuna ardhi. Novemba 2011, mwaka mmoja barabara kabla ya stesheni kufunguliwa, matingatinga yaliingia katika makazi ya Syokimau yakabomoa nyumba za matofali, nyingine za ghorofa. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ilisema kwamba ardhi hiyo ilikuwa ya uwanja wa ndege. Wenye nyumba walitoka na nyaraka mikononi, wakieleza kwamba waliuziwa viwanja, wakajenga, wakaunganishiwa huduma, na hakuna aliyewazuia. Polisi walisimama kati ya tingatinga na watu hao. Polisi hawakuwa wamepima viwanja vile, hawakuwa wametia saini hati yoyote, wala hawakuwa wamepokea ada ya mtu. Hata hivyo sura iliyobaki katika kumbukumbu za watoto waliotolewa nje usiku ni ya mtu aliyevaa sare. Karani aliyepiga muhuri hakuwapo.

Shida ya Syokimau ni ndogo ikilinganishwa na ile ya Kibera, upande wa pili wa jiji, ambako njia iendayo Kisumu hupita. Hapa historia inawahusu wanajeshi moja kwa moja. Kibera ilianza kuwa makazi mapema katika karne ya 20, pale Wanubi, askari wenye asili ya Sudani waliolitumikia jeshi la King's African Rifles, waliporuhusiwa kujenga katika msitu ulioitwa Kibra kwa lugha yao. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliitangaza ardhi hiyo, ekari zaidi ya 4,000, kuwa hifadhi ya jeshi. King's African Rifles ndilo jeshi ambalo vikosi vyake vya Tanganyika viligeuka kuwa Tanganyika Rifles siku ya uhuru wa mwaka 1961. Askari wale walipigana vita vya Mwingereza. Malipo yao yalikuwa ruhusa ya kukaa, bila ya hati. Serikali ya kikoloni iliwahesabu kuwa wapangaji wa hisani, na serikali zilizofuata zikawa na mengine ya kufanya. Wajukuu wao walipata hati ya ekari 288 mwezi Juni 2017, yaani miaka 99 baada ya tangazo lile.

Katika muda huo watu wengine wengi waliotafuta kazi Nairobi walihamia Kibera, na nyumba zikasogea hadi ukingoni mwa mataruma. Akina mama waliuza mboga juu ya reli. Treni ilipopiga honi waliinua makapu, ikapita, wakayarudisha. Sheria ilidai nafasi ya mita 30 kila upande wa reli iachwe wazi, lakini mita 30 zile zilikuwa na vitanda, majiko na madarasa ya watoto.

Mwaka 2004 Shirika la Reli lilitoa ilani ya siku 30, wakazi wa hifadhi ya reli wabomoe na kuondoka. Waliotakiwa kuhama, katika Kibera na vilevile katika Mukuru upande wa mashariki, walikuwa maelfu. Ilani hiyo ingetekelezwa kwa nguvu, ingehitaji kikosi kikubwa cha polisi na ingeacha makovu makubwa zaidi. Pengine ni jambo la heri kwamba safari hii watawala walisita. Kukafanywa mazungumzo, na maofisa wa reli wakaenda Mumbai, India, ambako maelfu ya familia zilizokuwa kando ya reli za abiria zilikuwa zimehamishwa kwa makubaliano. Huko waliona kwamba hatua ya kwanza ni kuhesabu watu, na kwamba kazi ya kuhesabu inafanikiwa zaidi wahesabiwa wenyewe wanaposhiriki.

Kazi hiyo ilikuwa haijakwisha ulipofika uchaguzi wa Desemba 2007 na machafuko yaliyofuata. Januari 2008 vijana wa Kibera waling'oa reli kwa mikono. Njia pekee ya kwenda Uganda ikakatika, mizigo ya Uganda na ya nchi zilizo nyuma yake ikakwama. Kitendo hicho kilikuwa uhalifu, na hakuna serikali inayoweza kukivumilia. Lakini ofisa wa usalama anayetaka kuzuia jambo kama hilo lisirudie hana budi kuuliza kwa nini hasira ilielekea kwenye reli. Siasa ilikuwa na sehemu yake. Sehemu nyingine ni kwamba kwa watu waliokaa hatua mbili kutoka kwenye mataruma, ile ilikuwa njia ya mali za wengine, iliyowaletea ilani za kuhama na kelele za usiku. Ulinzi wa reli ndefu kiasi kile kwa bunduki peke yake hauwezekani. Anayeilinda kweli ni yule anayekaa kando yake, akiwa na sababu ya kuilinda.

Mpango wa kuwahamisha ulitekelezwa baadaye kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Eneo la usalama lilipunguzwa sana kutoka mita zile 30, vikajengwa vyumba vya kuishi na vibanda vya biashara karibu na pale watu walipokuwa, na ukuta ukasimamishwa kati yao na garimoshi. Kulikuwa na manung'uniko kuhusu udogo wa vyumba na kuhusu nani aliandikwa na nani aliachwa. Pamoja na hayo, njia ilisafishwa bila ya vita. Ikilinganishwa na yale ya Syokimau ya mwaka 2011, tofauti yake kubwa ni kwamba watu wa Kibera, ambao hawakuwa na hati yoyote, walihesabiwa kabla ya kuondolewa, na watu wa Syokimau, waliokuwa na nyaraka, hawakuhesabiwa.

Mambo yaliyofuata yalikuja kwa haraka. Tarehe 31 Mei 2017 reli mpya ya kipimo cha kimataifa kutoka Mombasa ilifunguliwa, na stesheni yake kubwa ya Nairobi ikawekwa hukohuko Syokimau, nje ya mji, kwa kuwa katikati ya mji hapakuwa na ardhi ya kuipitisha kwa urahisi. Hivyo stesheni ndogo ya mwaka 2012, iliyojengwa kwa ajili ya mkaazi wa pembezoni, ikajikuta jirani wa lango la taifa zima. Mwaka 2020 yaliletwa magarimoshi ya dizeli yaliyokwisha tumika katika kisiwa cha Mallorca, Hispania, ambayo yana injini ndani yake na yanaweza kurudi yalikotoka bila ya kugeuzwa kichwa. Kwa hesabu ya dakika 10 iliyoelezwa hapo juu, faida yake ni dhahiri. Katika mwaka huohuo wanajeshi wa Kenya, pamoja na vijana wa Huduma ya Taifa, walitumwa kufufua njia ya zamani iendayo Nanyuki, ambayo mizizi na udongo vilikuwa vimeifunika. Walibadilisha mataruma, wakajaza kokoto, wakanyoosha reli. Majeshi ya kanda hii yana wahandisi wengi wenye ujuzi huo, na wakati wa amani ujuzi usiotumika hupotea.

Kisha mwaka 2022 ikafunguliwa barabara ya juu ya kulipia, urefu wa kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, ikipita Syokimau. Mwenye gari, ambaye stesheni ya mwaka 2012 ilimkusudia kuliko mtu mwingine yeyote, sasa alikuwa na njia nyingine ya kufika mjini upesi. Mnyonge hakuwa na fedha za kulipia geti la barabara hiyo. Kama uwanja ule wa magari 2,000 ungalitengewa tangu awali mabasi madogo, njia za miguu na soko, stesheni isingalikuwa na hofu ya barabara yoyote.

Tanzania haikuwa mbali na mambo haya. Oktoba 2012, majuma machache tu kabla ya ufunguzi wa Syokimau, Dar es Salaam ilianza treni zake za mjini, moja kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa kwa reli ya kati, na nyingine kwa reli ya TAZARA, ambazo wananchi waliziita kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Dakta Harrison Mwakyembe. Huko hapakujengwa stesheni za fahari. Mabehewa ya zamani yalikarabatiwa, yakasimama mahali palipokuwa na watu, na siku ya kwanza yakajaa. Reli mpya ya umeme ilipoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, kituo cha Pugu kilikuwa miongoni mwa vituo vyake, na ardhi ya kukizunguka ingali ikiuzwa viwanja.

Huko Syokimau reli mbili zinakaa karibu karibu, moja ya upana wa milimita 1,435 na nyingine ya milimita 1,000, na hakuna behewa linaloweza kutoka hii kwenda ile. Abiria aliyetoka Mombasa hushuka, hubeba mzigo wake kupita kwenye ukaguzi wa askari, na kupanda garimoshi dogo liendalo mjini, juu ya reli ya kipimo kilekile kilichofika Nairobi mwaka 1899.